Nimemrudishia Paker Kondoo Wake na Harusi ni Jumamosi

Mama Faysa, mshauri wetu mpendwa, niokoe kabla ya Jumamosi, na tafadhali jizuie kucheka mpaka ufike mwisho, ingawa bibi yangu Sandra amesoma mistari hii miwili akiwa amesimama nyuma yangu na tayari ameenda kuchekea jikoni. Mimi ni Maweu, mwenye bucha hapa Noonkopir, Kitengela, na jina langu usilifiche vile unafichaga ya wengine, kwa sababu mji wote unajua ni mimi, hata watu wa boda wananipigia honi za harusi nikipita.

Wacha nianze na kondoo, kwa sababu bila kondoo hutaelewa kitu. Wakati wa ule ukame mkubwa, wafugaji wakileta ng'ombe wa mifupa tupu na wenye bucha wenzangu wakiwanunua kwa bei ya kutupa, alikuja kwangu Mmaasai mmoja wa kutoka Kisaju anaitwa Kuntai, simjui hanijui, na ng'ombe wake wachache ambao hawangefika popote, na mimi hata sijui ni nini kiliniingia, badala ya kununua nikamwambia awaache nyuma ya bucha, na kila jioni nikawa naenda sokoni kuokota majani ya kabeji na maganda ya mahindi nawapelekea, wengine wakafa lakini wengine wakapona, na mvua iliponyesha Kuntai akaja kuwachukua, akarudi kesho yake na kondoo jike mwekundu, mkia umejaa mafuta, akaniwekea kamba mkononi. Akanieleza kwamba kwao mtu akikupa kondoo, jina lako na jina lake yanawekwa kando, kuanzia siku hiyo yeye ataniita Paker na mimi nitamwita Paker, maana yake kati yetu kuna kondoo, na hilo jina linapita lile la kuzaliwa. Mimi ni Mkamba, mambo hayo sikuwa nayajua, lakini nakuambia nilitembea siku hiyo nikiwa mrefu.

Sasa fikiria kondoo anayeishi kwa mchinjaji. Nyama zinaning'inia hapa na yeye anapita chini yake akitafuna ganda la ndizi bila wasiwasi wowote, anasalimia wateja, analala mlangoni saa za joto watu wanamruka, na kwa vile anakula siku nzima na hakuna mtu anaruhusiwa kumgusa, wateja walimpa jina Mheshimiwa. Kuntai akija kutoka mnadani anapita kwangu, anakula, anamkuna Mheshimiwa kichwani, ananiuliza habari ya watoto, na kwa miaka hiyo yote sijawahi kumsikia akitamka Maweu hata mara moja, nilikuwa nafikiri amelisahau.

Basi kampeni zikaja. Kuntai akawa na mtu wake na mimi nikawa na wangu, na nikuambie ukweli Mama Faysa, mtu wangu si Mkamba na mtu wake si Mmaasai, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kununua hata robo kilo kwangu, lakini kila mmoja wetu alimtetea wake vile ungemtetea mtoto wa dada yako. Tulibishana tukila, tukala tukibishana, na ilikuwa tamu, wateja walikuwa wanakuja kutusikiliza tu mpaka biashara ikapanda, na tukimaliza Kuntai ananiambia sere Paker, yaani kwaheri, na mimi namwambia sere Paker, na Mheshimiwa anamsindikiza mpaka barabarani.

Tukapiga kura. Hapo ndipo mji ulichanganyikiwa, Mama Faysa, nafikiri hata huko kwenu Kajiado mjini ilikuwa hivyo, hakuna aliyefanya kazi, kila mtu ameshika simu anajumlisha, watu ambao hesabu iliwatoa shuleni wakawa wanatueleza asilimia, na ndani ya bucha yangu mwenyewe wateja wakagawanyika bila kuambiwa, wa kwetu wakakaa benchi la nje upande wa barabara, wa Kuntai wakakaa ndani karibu na friji, na mimi nikiwakatia nyama naulizwa na pande zote mbili kwa nini wale wengine wamepewa mafuta kidogo. Televisheni iko juu ya mizani. Mshindi alipotangazwa, na ni mtu wangu, nilipagawa, sina neno lingine, nilipanda juu ya benchi na paja zima la mbuzi mkononi nikacheza nalo, nje ni honi na firimbi, mwanamke mmoja anapiga sufuria, na wakati huohuo nawaona wengine wanashusha milango ya maduka yao, na mzee mmoja wa friji amefunika uso, lakini mimi nilikuwa juu ya benchi na mtu akiwa juu ya benchi hawaoni wa chini vizuri.

Kuntai alikuwa amekaa na sahani yake. Akasema polepole kwamba hesabu haziingiani, kwamba kuna vituo ambavyo fomu zake hazijaonekana, na kwamba watu wake wataenda kortini, akasema tu hivyo, na mimi huko juu nikamjibu kitu kidogo cha mzaha, kwamba kura si ng'ombe wa kuhesabiwa na fimbo, awaachie waliosoma, na watu walicheka sana, hata mmoja wa friji alicheka, na kumbuka huyo mwanamke bado anapiga sufuria na paja linateleza mkononi kwa mafuta, kwa hivyo nikaendelea kucheza, na hapo ndipo Kuntai akanifanyia kitu ambacho sitasahau. Alisimama, akafuta mikono na karatasi, akaniangalia.

“Maweu,” akasema, “hata hapo umesimama ukicheza ni kwetu.”

Akatoka, na nyama ikabaki kwa sahani. Nilizaliwa Machakos, lakini nimekuwa hapa tangu wakati Noonkopir ilikuwa miiba na vumbi, watoto wangu wamezaliwa hapa na hawajui kwingine, na mpaka leo sijajua ni gani iliniuma zaidi, kuambiwa mimi ni mgeni au kuitwa Maweu na mtu huyo. Nilishuka kwa benchi. Sikucheza tena siku hiyo, na paja hilo nililiuza likiwa na alama za vidole vyangu.

Asubuhi nikaamka na hasira safi, ile ya mtu ambaye hajalala vizuri na ameamua. Nikamwambia Sandra kama mimi ni Maweu basi kondoo arudi kwao, Sandra akaniuliza kama nina hakika hivyo ndivyo wenyewe wanafanya, nikamwambia hiyo haihitaji kuulizwa, urafiki ukivunjika mali inarudi, hata pete za uchumba hurudishwa. Nikamwita Kiilu, rafiki yangu wa boda. Tukampakia Mheshimiwa katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na kwa vile alikuwa anateleza Kiilu akatafuta kitu cha kumfunga na akapata kitambaa cha kampeni, kile kilichokuwa kinarushwa kutoka juu ya magari, chenye rangi za mtu wangu, akamfunga nacho kifuani vizuri kabisa.

Sasa Mama Faysa, wewe unajua barabara ya Namanga ilikuwaje asubuhi hiyo. Watu bado wako nje. Wakaona kondoo amevaa rangi amepakiwa kwa pikipiki, wenye furaha wakafikiri anapelekwa kwa sherehe, wakaanza kutufuata na pikipiki zao na firimbi, na wale wa upande mwingine nao wakafikiri huo ndio mfano wa kura zao zinabebwa, wakatufuata wakipiga kelele kwamba haki itapatikana, na kila nilipojaribu kueleza kwamba hii ni hasira ya kibinafsi hakuna aliyenisikia kwa sababu ya honi. Nilienda kuvunja urafiki nikiwa na msafara ambao hata mbunge hajawahi kupata. Mheshimiwa alikuwa ametulia, anaangalia watu kushoto na kulia, na nakuambia nikiwa na hasira zangu zote nilianza kucheka uso ukiwa ndani ya manyoya yake na Kiilu akaniuliza kama ninalia.

Tulipofika kwa Kuntai tukakuta boma limejaa. Mtoto wao wa kwanza, Saruni, anaoa, bibi harusi anatoka Kware, kule Rongai, na kina mama walikuwa wamekutana kupanga mambo ya kupika, kwa hivyo waliposikia honi wakajua ni wageni wa harusi wamefika mapema, wakatoka wakiimba. Wakaimba mpaka tukashuka. Kuntai akatoka mwisho, na fimbo yake, akaangalia pikipiki zote hizo, akaangalia kitambaa, akaniangalia mimi nimeshika kamba, na sikumsalimia.

“Umeniletea kondoo?” akaniuliza.

Nikamwambia nimekuletea kondoo. Akauliza kama ni mbele ya hawa watu wote, nikasema ndiyo, mbele ya hawa wote, wawe mashahidi. Akapokea kamba, akasema sawa, nimemchukua, halafu akageuka akaingia ndani na mabega yake yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama ni hasira au alikuwa analia. Bibi yake, Nalotuesha, huyo ndiye alinimaliza. Alicheka mpaka akatafuta mtungi wa maji akaukalia, akifuta machozi na shanga zake, na nilipokuwa napanda pikipiki akaniambia, “Sere, Paker,” yaani ananidhihaki mchana mweupe mbele ya wageni.

Nikarudi nyumbani nikajitoa kwa grupu la kamati ya harusi, ambapo mimi ndiye mwenyekiti, na nikambloki Kuntai kwa simu. Tangu siku hiyo hajanipigia hata mara moja, ndio ujue moyo wake.

Mambo yamekuwa hivi. Bucha imepoa, benchi la ndani limebaki na friji peke yake, na hata wa kwangu wa nje hawacheki sana kwa sababu hakuna wa kubishana naye, wanasema mtu wetu ameshinda, wanakula, wanaenda. Hakuna anayelala mlangoni. Juzi nilijikuta nimemega ganda la ndizi nimeshika mkononi natafuta wa kumpa. Halafu wiki iliyopita Saruni alikuja mwenyewe, amebeba shuka jekundu jipya, lile la watu watakaosimama na yeye, kwa sababu tangu zamani alisema nitasimama upande wa baba yake siku ya kwenda kumchukua bibi harusi.

“Uncle, hiyo kesi yenu haiko kortini,” akaniambia, “na mimi sijaandikwa ndani. Shuka yako ndio hii.”

Akalitundika kwenye ndoano, katikati ya nyama, akaenda. Na bado linaning'inia hapo, wateja wananiuliza ni kilo ngapi.

Sasa shida yangu ni hii, na nisamehe kwa urefu. Ijumaa majaji wanasoma uamuzi wa ile kesi ya uchaguzi na harusi ni Jumamosi. Mimi nilikuwa nimejipangia hivi, kwamba wakisema mtu wangu amebaki, nitaenda kwa sababu nitakuwa nimeshinda mara mbili na naweza kusamehe, na wakisema uchaguzi urudiwe, siendi, kwa sababu nitaingiaje hapo na Kuntai yuko juu ya benchi lake. Sandra anasema huo ni upuzi na yeye ataenda na shuka au bila shuka, ameshashona nguo. Lakini hata nikienda, nitamsalimia nani? Nikimwita Kuntai nitakuwa nimezika kitu kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikimwita Paker nitakuwa mwongo, kwa sababu kondoo nimerudisha na watu wote wa barabara ya Namanga ni mashahidi. Halafu kuna jambo ambalo hata Sandra sijamwambia. Harusini wanachinja. Mimi ni mchinjaji, kazi yangu ni hiyo kila siku, lakini nikiketi hapo niletewe sahani na nisijue ni nani yuko ndani, Mama Faysa, nitalia mbele ya wakwe.

Nisaidie. Ni mimi, Maweu wa bucha, aliyekuwa Paker.

MAMA FAYSA ANAJIBU

Maweu, nimecheka. Uliniomba nijizuie na nikajizuia mpaka pale kwa kitambaa, halafu nikashindwa, na binti yangu Faysa alikuja kuniuliza kama niko sawa, nikampa barua akasoma, sasa tuko wawili ambao hatuwezi kunywa chai bila kuimwaga. Nimekushukuru kwa hilo, kwa sababu wiki hizi barua zote ninazopata ni za watu wasiosalimiana, bibi na bwana, wenye nyumba na wapangaji, kwaya moja nzima, na hakuna hata mmoja aliyebeba kondoo.

Lakini sasa acha kucheka unisikilize, kwa sababu nina maneno na wewe. Umeandika barua ndefu sana. Umenieleza mkia wa kondoo, umenieleza sufuria ya mwanamke nisiyemjua, umenieleza mafuta ya paja. Na katikati ya sufuria na paja umepitisha haraka haraka lile ulilosema wewe, ukaliita kitu kidogo cha mzaha. Uliwaambia watu, mbele ya mtu aliyekupa kondoo, kwamba yeye hajui kuhesabu na awaachie waliosoma, na ukahakikisha wamecheka. Siku hiyo alikuwa ameshindwa tayari. Alikuwa na wasiwasi na kura yake, na ni haki yake kuuliza imeenda wapi, na wewe ukamjibu kwa kutukana watu wake wote. Ukaliona jina lako likivuliwa, hukuona wewe ndiye ulimvua yeye kwanza.

Na Kuntai naye alikosea, sitamficha. Hilo neno la kwetu na kwenu nalijua. Mimi ni Msomali niliyezaliwa Kajiado mjini, na babu yangu amezikwa hapa, na bado kila baada ya uchaguzi kuna mtu huniuliza kwa upole nitaenda wapi mambo yakiharibika. Inauma kila mara, na inauma zaidi ikitoka kwa mtu uliyekula naye. Kwa hivyo nimekuhurumia, Maweu, na ninasema wazi kwamba hapo unaposimama ni kwako pia. Kuntai akiniandikia, yake nitampa. Lakini leo aliyeandika ni wewe.

Sasa tuje kwa kondoo. Bibi yako alikuuliza swali la maana sana asubuhi ile, kama hivyo ndivyo wenyewe wanafanya, na wewe ukamjibu kwa pete. Nani alikuambia Paker ni pete? Marehemu baba yangu, Hared, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na kulikuwa na mzee mmoja Mmaasai aliyempa ng'ombe dume kabla mimi sijazaliwa, wakawa wanaitana Pakiteng, kwa sababu kati yao kulikuwa na ng'ombe. Yule ng'ombe aliuzwa, akaliwa, akasahaulika, na waliwahi kugombana mpaka wakapelekana kwa chifu, na huko kwa chifu walikuwa wanashtakiana wakiitana Pakiteng. Siku tuliyomzika baba, mzee huyo alisimama pembeni akalisema jina hilo mara moja, akaenda zake. Hiyo si mali ya kurudishwa. Mnyama anaweza kufa, anaweza kuliwa, jina linabaki.

Kwa hivyo nikuulize, na ujibu polepole. Kwa desturi hiyo, mtu akimletea mwenzake kondoo, mbele ya mashahidi, na mwenzake akauliza umeniletea kondoo, akajibiwa ndiyo nimekuletea kondoo, na mwenzake akasema nimemchukua, hao wawili wanaitwaje?

Umeona sasa kwa nini Nalotuesha alikalia mtungi. Ulienda kuvunja Paker, ukaufunga huo urafiki mara ya pili. Kwanza alikupa yeye, sasa umempa wewe, na umempa kwa msafara, na honi, na nyimbo za kina mama, na kondoo amevaa. Mimi nimekaa na wafugaji maisha yangu yote na sijawahi kusikia kondoo aliyepelekwa kwa heshima kama hiyo. Yule mama hakukudhihaki. Alikuaga kwa jina lako, jina ambalo ulikuwa umetoka kulichukua upya hapo hapo mbele ya macho yake, na wewe ukanuna ukapanda pikipiki. Na mabega ya Kuntai, ndugu yangu, nitakuambia yalikuwa yanafanya nini. Yalikuwa yanacheka, na mtu mzima mwenye fimbo hawezi kucheka mbele ya adui wake, ndiyo maana akaingia ndani.

Unasema tangu siku hiyo hajakupigia simu. Umembloki, Maweu. Apige aje? Ondoa hiyo kitu ukimaliza kusoma mstari huu, kisha uone ni meseji ngapi zitaingia.

Kuhusu Mheshimiwa, lala usingizi. Ni zawadi ya kutoka kwako na hakuna mtu mwenye akili katika boma lile atakayemwekea kisu, hasa wiki ya harusi, na macho ya watu wote yako kwake. Lakini nakuonya, usiende kumwomba. Umetoa. Kuntai akiona inafaa, siku moja atakuletea wa kwake, na mtakuwa mmefungwa mara ya tatu, na nyinyi wawili kwa vile mnavyobishana mnahitaji kamba nyingi.

Sasa ule mpango wako wa Ijumaa. Huo ndio umenikasirisha kuliko benchi. Yaani unataka majaji wakuamulie kama utaenda kusimama na mtoto wa rafiki yako? Waache majaji na kazi yao. Wamesomea, wamepewa fomu zote, watasema watakalosema, na wewe na Kuntai mtakuwa na haki ya kufurahi au kulalamika mpaka uchaguzi mwingine, na mbishane, tafadhali mbishane, benchi hilo la ndani linawangoja. Lakini ukienda kwake baada ya uamuzi, utafika ukiwa umeshinda au umeshindwa. Ukifika umeshinda, msamaha wako utanuka majivuno. Ukifika umeshindwa, atafikiri umeletwa na majaji. Kwa njia zote mbili utakuwa umemletea siasa tena mlangoni, na safari hii hata kondoo huna.

Barua hii inatoka leo Jumatano. Utaenda kesho. Usiende na Kiilu, nampenda bila kumjua lakini kesho mwache apumzike, na hata kile kitambaa, kama mlirudi nacho, kichomwe au kifanyiwe kazi ya kufuta mizani. Vaa hilo shuka kwanza, litoe kwenye ndoano kabla halijanuka figo, ulifunge vile Saruni atakuelekeza kwa simu, uende mchana watu wakiwa wapo, kwa sababu ulimtukana watu wakiwa wapo. Ukifika usianze na hesabu, wala fomu, wala nani alianza. Mwambie ulisema neno baya ukiwa juu ya benchi na sasa umeshuka. Hilo moja tu, kisha funga mdomo, najua ni kazi ngumu kwako. Lile lake la kwetu na kwenu, mwachie yeye alitoe mwenyewe. Nina imani atalitoa, kwa sababu mtu aliyefika kwako na ng'ombe wa mifupa tupu na ukampa nafasi nyuma ya bucha anajua vizuri maana ya kukaribishwa.

Na uliniuliza utamsalimia nani. Ijumaa jioni mmoja wenu atakuwa mshindi na mwingine mshindwa, na kila mtu mjini atawaita hivyo. Kesho bado hakuna mshindi. Kesho mlango wa boma ni ule ule, Mheshimiwa atakuwa amelala mahali fulani kwenye kivuli akitafuna, na mtu pekee Kisaju nzima mwenye haki ya kuitwa kwa jina la kondoo wenu atatoka na fimbo yake akuangalie. Mwite Paker, Maweu, halafu ngoja aitike.